UCHAMBUZI: Betri hufa Kilungu, ufunguo wa redio umesalia Japani

KUFULI huwekwa mlangoni kwa sababu moja: kumzuia asiye na haki na kumfungulia mwenye haki. Linapomzuia mwenye nyumba ilhali mwizi anajua pa kuupata ufunguo, hapana budi watu waulize kufuli hilo linamlinda nani.

Katika sehemu kama Kilungu, Kaunti ya Makueni, swali hilo hubisha hodi kwa njia isiyotarajiwa: kupitia redio ya gari. Mtu hununua gari lililotumika kutoka Japani, akalipa bei yake, ushuru wake na ada za usajili. Siku moja betri inakufa. Anaichaji au kununua nyingine, injini inanguruma kama kawaida, lakini redio inakataa kusema neno. Skrini inadai nambari ya siri ambayo mwenye gari hakuwahi kupewa, na pengine inaidai kwa Kijapani.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, kwa kuwa gari halihitaji redio ili liende. Hata hivyo, udogo wake ndio unaolifanya lifae kuchunguzwa. Kufuli la redio linaonyesha waziwazi jambo ambalo limejificha katika bidhaa nyingi za kisasa: mtu anaweza kulipia kitu chote, akakabidhiwa hati zake zote, na bado amri ya kukifungua ikabaki mikononi mwa mtu asiyemjua.

Kilungu ni nchi ya vilima. Soko la Nunguni liko juu, mahali penye baridi, huku upande wa chini Barabara Kuu ya Mombasa ikipita Salama, Sultan Hamud na Emali kuelekea nyanda zenye joto za Makindu na Kibwezi. Gari la mkazi wa Kilungu huishi katika hali hizo zote mbili. Joto la nyanda za chini huharakisha kuoza kwa madini yaliyo ndani ya betri na kupunguza umri wake. Baridi ya vilimani, hasa kati ya Juni na Agosti, hupunguza nguvu inayoweza kutoka humo na kuifanya oili ya injini kuwa nzito. Ndiyo maana betri iliyodhoofishwa na joto mara nyingi hutangaza kifo chake alfajiri ya baridi.

Zamani miteremko ilikuwa msaada. Dereva aliliegesha gari likitazama chini ya kilima, na asubuhi akaliachilia libiringike mpaka injini ikashika. Lakini magari mengi yanayotoka Japani siku hizi yana gia za kujibadilisha zenyewe, na hayawezi kuwashwa kwa kusukumwa. Dawa iliyobaki ni kuunganisha nyaya kutoka betri ya gari jingine, au kuing'oa betri na kuipeleka kwa fundi. Inapong'olewa, umeme unakatika kabisa, na hapo ndipo kufuli la redio huamka.

Namna linavyofanya kazi si ya ajabu. Ndani ya redio mna kumbukumbu ndogo inayohifadhi nambari ya siri. Umeme ukikatika, redio haina njia ya kujua kama ni betri iliyokufa au ni mwizi aliyeichomoa kwenye dashibodi. Kwa hiyo huchukulia kwamba imeibwa, na umeme unaporejea hukataa kufanya kazi hadi ipewe nambari sahihi. Baadhi ya redio za magari ya Volkswagen huandika neno "SAFE". Baadhi ya zile za Honda huomba tarakimu tano. Katika redio kadhaa za Toyota zilizotengenezewa soko la Japani, hasa zenye ramani, skrini huonyesha nambari ya utambulisho ya chombo na kudai nambari ya kufungulia, au kudai kadi ya ramani iliyowekwa kiwandani. Kadi hiyo ikiwa iliondolewa njiani, redio hubaki bubu.

Kufuli hili lilikuwa na sababu njema. Katika miaka ya 1980, wizi wa redio za magari ulikuwa umekithiri katika miji ya Ulaya na Marekani. Redio nyingi zilikuwa na umbo moja, hivyo iliyochomolewa katika gari moja iliweza kuingia katika jingine na kuuzwa upesi. Watengenezaji walijibu kwa kubuni redio zenye uso unaobanduka na zile zenye nambari ya siri. Mnunuzi wa gari jipya alipewa kadi yenye nambari hiyo, akashauriwa aiweke nyumbani. Mpango ulikuwa wa haki kwa sababu ufunguo na kufuli vilikabidhiwa kwa mtu mmoja.

Haki hiyo huvunjika gari linapoanza safari ya mitumba. Mmiliki wa kwanza huko Japani analiuza. Linapita mnadani, kisha kwa msafirishaji, kisha melini hadi bandari ya Mombasa, kisha kwa wakala wa forodha, na hatimaye kwenye yadi ya muuzaji. Magari hayo hupita chini ya vilima vya Kilungu yakielekea Nairobi, na baadaye machache hurudi na kupanda vilima hivyo yakiwa na namba za Kenya. Katika kila kituo hati fulani lazima ihamishwe: cheti cha kufuta usajili Japani, hati ya meli, stakabadhi za ushuru, hati ya umiliki. Nambari ya redio haimo katika orodha hiyo. Hakuna anayelazimika kuiuliza, na hakuna anayeadhibiwa kwa kuipoteza. Kitabu cha maelezo, kama bado kimo garini, kimeandikwa kwa Kijapani.

Serikali haikosi nafasi ya kuingilia. Magari yaliyotumika hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, kwa kufuata kiwango kinachojulikana kama KS 1515, ambacho husimamiwa na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Kiwango hicho ndicho kinachozuia magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mwaka wa 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia. Wakaguzi hutazama umri, hali ya breki na magurudumu, kilomita zilizotembewa, na hata mnururisho wa nyuklia, jambo lililotiliwa mkazo baada ya ajali ya Fukushima ya 2011. Ukaguzi huo unalenga usalama, na ni sawa. Lakini haumwulizi muuzaji kama anauza pamoja na funguo zote za kile anachokiuza.

Ni vyema hapa kutenganisha vizuizi viwili ambavyo wenye magari huvichanganya. Kizuizi cha kwanza ni cha mawimbi. Masafa ya FM nchini Japani yalianzia megahezi 76 hadi 90, kabla ya kupanuliwa hadi 95 katika miaka ya karibuni. Nchini Kenya masafa hayo ni kati ya 87.5 na 108. Redio ya Kijapani hata ikiwa wazi kabisa hunasa stesheni chache tu za Kenya. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo: nchi mbili ziligawa mawimbi yao kwa njia tofauti. Mafundi wamelitatua kwa kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, ambacho huyashusha mawimbi ya Kenya hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuyasikia.

Kizuizi cha pili ni cha ruhusa. Hapa redio ni nzima, spika ni nzima, na fundi ana ujuzi wa kutosha. Kinachokosekana ni tarakimu chache ambazo mtu mahali fulani anazijua. Fundi wa Nunguni aliyeweza kushinda tofauti ya mawimbi baina ya nchi mbili anashindwa na karatasi iliyosahaulika ndani ya kabati huko Japani. Kizuizi cha kwanza kilileta ubunifu na kazi kwa vijana. Cha pili huleta ada tu.

Na ada hiyo hulipwa kwa nani? Baadhi ya wenye magari humwendea wakala rasmi wa chapa husika, lakini gari lililoingizwa moja kwa moja kutoka Japani halikuuzwa na wakala huyo. Honda ya Marekani huwapa wateja wake nambari hizo kupitia mtandao, mradi waingize nambari ya gari na ya redio. Utaratibu huo, hata hivyo, uliundwa kwa soko la Marekani, ambako gari hutambulishwa kwa herufi na tarakimu 17. Magari ya soko la ndani la Japani hutumia nambari ya fremu iliyo fupi zaidi. Wengine huangukia mikononi mwa watu wa mitandaoni wanaokokotoa nambari kutokana na utambulisho wa chombo, baadhi yao wakiwa waaminifu na wengine matapeli. Wanaochoka hununua redio nyingine, na ile ya kiwandani iliyokuwa nzima ikageuka taka.

Swali la kama redio ni anasa linastahili jibu la uaminifu. Kilungu si mahali ambapo gari ni pambo. Hubeba mazao hadi sokoni, abiria hadi barabara kuu na wagonjwa hadi hospitalini. Dereva anayesikiliza stesheni za Kikamba kama vile Musyi FM au Mbaitu FM hapati muziki pekee. Hupata habari za bei, za barabara, na matangazo ya vifo na mazishi, ambayo kwa miongo mingi redio imeyabeba kutoka mijini hadi vijijini nchini Kenya. Mkulima wa Ukambani hutegemea sana mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, na utabiri wake humfikia kwa sauti, katika lugha yake. Simu inaweza kutumika pia, lakini data hulipiwa, na kushika simu ukiendesha gari ni hatari na ni kosa la trafiki.

Juu ya yote hayo lipo suala la sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Kifungu hicho hicho kinampa pia haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa habari za aina hiyo kuliko nambari ambayo bila yake kifaa hakifanyi kazi kabisa. Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji mwaka wa 2012 ili kuipa haki hiyo nguvu. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haijifungui yenyewe. Mwenye gari dogo la mitumba huenda asione faida ya kwenda mahakamani kwa ajili ya redio. Mnyonge anapokosa njia nyepesi ya kudai haki yake, haki hiyo hugeuka pambo la vitabuni.

Watetezi wa makufuli haya wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema nambari zikigawanywa ovyo, wezi watafaidi. Mkazi wa Nairobi ambaye vioo vyake vya pembeni vimewahi kung'olewa kwenye maegesho hatacheka hoja hiyo. Lakini mambo yamebadilika tangu miaka ya 1980. Redio za kiwandani za leo zimeumbwa kulingana na dashibodi ya gari moja, na haziingii kirahisi katika jingine. Isitoshe, nambari zinazoweza kununuliwa mtandaoni haziwezi kumzuia mwizi aliye tayari kuzinunua. Anayezuiwa ni mtu mwaminifu anayeuliza kwa njia halali, akiwa na kitambulisho na hati ya umiliki mkononi. Kumpa nambari mtu aliyethibitisha kwamba gari ni lake hakumsaidii mwizi hata kidogo.

Wakenya si wageni wa vifaa vinavyofungwa kutoka mbali. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara yake ya umeme wa jua mwaka wa 2012, huuza vifaa kwa mtindo wa lipa pole pole, na asiyelipa awamu yake kifaa chake huzimika. Mtindo huo una wakosoaji wake, lakini angalau una masharti yanayojulikana. Mnunuzi huambiwa mapema kwamba kuna kufuli, kwa nini lipo, na litaondolewa lini: anapomaliza deni. Redio ya gari imeugeuza utaratibu huo. Mnunuzi haambiwi kwamba kuna kufuli, hana deni kwa yeyote, na hakuna siku iliyowekwa ya kulifungua.

Nchi nyingine zimeanza kulishughulikia suala hili kwa upana wake. Mwaka wa 2012, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani waliidhinisha sheria inayowataka watengenezaji wa magari kuwapa wamiliki na mafundi huru habari za ukarabati walizokuwa wakiwapa mawakala wao. Mwaka wa 2020 walirudi debeni na kuipanua hadi kwenye habari zinazorushwa na gari kwa mawimbi. Mnamo Januari 2025, serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya John Deere, ikidai kwamba imewazuia wakulima kukarabati matrekta yao wenyewe. Kilichoanza kama lalamiko la magereji kimekuwa suala la nani anamiliki chombo: aliyekilipia au aliyekiandikia programu.

Kenya ina sababu ya kuharakisha kuliko nchi hizo. Sheria ya miaka 8 ina maana kwamba kila Januari mkia wa magari yanayoruhusiwa husogea mbele kwa mwaka mmoja, na kila mwaka magari yanayoingia huwa na kompyuta nyingi zaidi. Leo ni redio inayodai nambari. Katika magari mengine tayari funguo, vioo na hata taa za mbele huhitaji kutambulishwa kwa programu maalumu baada ya kubadilishwa. Taifa likizoea kwamba kufuli dogo ni la kuvumiliwa tu, litakuwa halina la kusema makubwa yatakapofika.

Hatua zinazohitajika si nzito. KEBS inaweza kuongeza sharti moja katika kiwango cha KS 1515: gari lisipate cheti cha ukaguzi kama redio yake ina kufuli ambalo nambari yake haikuambatishwa, au kufuli hilo lizimwe kabla ya gari kupanda meli. Sharti hilo litawafanya wasafirishaji wa Japani kuiuliza nambari pale inapopatikana kwa urahisi, yaani kwa mmiliki wa kwanza. Nambari hiyo nayo ingeweza kuandikwa katika kumbukumbu za mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ili ihame pamoja na umiliki kila gari linapouzwa.

Kaunti nazo zina nafasi yao. Katiba imeziachia vyuo vya ufundi vya vijijini. Fundi aliyefunzwa umeme wa magari ya kisasa katika chuo cha kaunti anaweza kumwepusha jirani yake na hasara kwa jambo dogo kama kuunganisha betri ya akiba kabla ya kung'oa iliyochoka, ili redio isikose umeme hata kwa sekunde moja. Maarifa hayo ni rahisi kuliko dawa yoyote itakayotafutwa baadaye.

Kabla ya hayo yote kutimia, mnunuzi ajilinde. Akiwa bado kwenye yadi, pesa zikiwa mfukoni mwake, amwombe muuzaji aifungue betri mbele yake, asubiri dakika chache, kisha airudishe. Redio ikiamka bila swali, vyema. Ikidai nambari, nambari hiyo ni sehemu ya bei. Kama gari tayari ni lake, atafute kadi ndani ya kisanduku cha dashibodi na katika kurasa za kitabu cha maelezo, na anakili nambari ya utambulisho ya redio mapema. Kufuli likishamfungia nje, asikisiekisie tarakimu, kwani baadhi ya redio hujifunga kwa muda mrefu zaidi baada ya majaribio machache ya makosa.

Lakini tahadhari ya mnunuzi haiwezi kuwa mbadala wa wajibu wa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo Kenya iliirithi kutoka enzi ya ukoloni, inatambua kwamba anayeuza kitu humwahidi mnunuzi atakimiliki kwa utulivu bila kusumbuliwa. Walioiandika hawakuijua redio yenye nambari ya siri, lakini walijua kwamba kuuza sanduku na kubaki na ufunguo si kuuza. Wenye mamlaka ya kusimamia biashara ya magari nchini hawahitaji kubuni kanuni mpya ya haki. Wanahitaji kuitumia hiyo ya zamani kwa kufuli jipya.